Reli Yenye Upana wa Kibiriti

Wameanza tena. Leo asubuhi nimewasha simu, nikakuta kundi limejaa mpaka simu inakwama. Mmoja kaweka picha ya behewa la kopo la maziwa. "Jamani mnakumbuka?" Mwingine kajibu kwa stika ya mtu anafuta machozi. "Siku zile tulikuwa ndugu." "Hakuna kundi kama lile." "Tulikuwa tunapendana bwana." Nimesoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Chai imepoa mezani. Ndugu gani hao? Kupendana kupi?

Kundi hili jipya limefunguliwa na mzee mmoja wa Kilambo, huko mtoni, anayeuza samaki wakavu pande zote mbili za mpaka. Hana baya yule. Ana huruma tu, na mwenye huruma sana hukusanya watu ambao hawapaswi kukaa pamoja. Alituingiza sote tuliokuwa kwenye kundi la zamani la watengeneza treni ndogo, wala hakuuliza mtu. Tangu hapo ni kumbukumbu asubuhi, kumbukumbu jioni. Mimi nimeandika humo mara moja tu. Sasa naandika hapa, maana kule nikiandika watanijibu kwa stika.

Majina ya watu sitayataja. Lakini kazi zao nitazitaja, na mwenye kuishi Mtwara atajua mwenyewe.

Nianze na mkono. Mimi nilikuwa mpakiaji wa magunia. Msimu wa korosho nilikuwa juu ya lori, tumepanga magunia mpaka juu, na msimamizi akampigia dereva kofi kwenye bodi aondoke wakati sisi wawili bado tuko juu hatujashuka. Lori likaruka, magunia yakaporomoka, na sisi nayo. Mwenzangu alizikwa kesho yake. Mimi nilibaki. Yule msimamizi bado anasimamia, nikipishana naye sokoni ananiuliza, "Vipi, unaendeleaje?" kama mtu aliyenitembelea hospitali. Hakunitembelea.

Nilichobaki nacho ni mgongo wa kulala muda mrefu na mkono wa kulia unaotetemeka. Hautetemeki sana. Nikishika kikombe kilichojaa ndipo utaona.

Nililala nyumbani miezi, nikitazama bati. Mpwa wangu akaniachia simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Humo ndipo nikakuta kundi. Sijui hata nani aliniunga. Watu wa Mtwara, wachache wa vijijini, na huyo mzee wa Kilambo, wote wanatengeneza treni. Sio za dukani, hakuna mwenye pesa hiyo. Treni za makopo, za soli za ndala, za mbao, magurudumu ya vifuniko vya dawa, na mota ndogo iliyotolewa kwenye redio ya kaseti. Walikuwa wanaitengeneza upya reli ile ya zamani iliyokuwa inatoka bandarini hapa kwenda bara, ambayo siku hizi imebaki tuta tu, watu wamepanda mihogo juu yake.

Baba yangu aliifanyia kazi reli hiyo akiwa kijana, kazi ya kugongelea. Walipong'oa vyuma yeye alibaki na msumari mmoja wa reli, mnene kama dole gumba. Sisi watoto tulizoea kuuona mlangoni, unazuia mlango usibamizwe na upepo. Baba alipokufa nikauchukua mimi.

Basi, nikiwa kitandani, nikaanza kutengeneza kichwa cha treni. Mkono unaruka, nakata bati vibaya, natupa, naanza tena. Kichwa chepesi huruka kwenye reli, kinataka uzito tumboni. Nikauweka msumari wa baba tumboni, nikaufunga kwa waya. Nilipoweka betri na kikasogea chenyewe juu ya shuka, nilimwita mke wangu kwa sauti mpaka akaja mbio akidhani nimeanguka.

"Nini tena?"

"Kinatembea."

Akatazama kichwa, akanitazama mimi. "Na wewe lini?"

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka muda mrefu. Kwa hiyo wakisema kundi lilikuwa zuri, mimi sikatai. Kundi lile lilinitoa kitandani. Ndiyo maana nina uchungu nalo, lingekuwa la ovyo tangu mwanzo ningeshalisahau.

Utaratibu wa kundi ulikuwa hivi. Kila mwanachama atengeneze kipande chake, ubao mmoja wenye reli juu, anavyotaka mwenyewe. Atake kuweka stesheni, atake mikorosho, atake daraja. Sharti moja tu: upana wa reli uwe sawa, ili siku tukikutana tuunganishe vipande vyote na treni ipite kutoka mwanzo mpaka mwisho. Sasa utapimaje, watu wametawanyika, mwingine hana rula, mwingine rula yake imeliwa na watoto? Ndipo ikaamuliwa: kipimo ni kibiriti. Kibiriti kilale kwa urefu katikati ya reli, kiguse huku na kule, kisicheze. Kila nyumba ina kibiriti. Hata mzee wa Kilambo, aliyekuwa ananunua vya ng'ambo, aliambiwa anunue vya kwetu, akatii.

Hakuna aliyefikiria kwamba kibiriti nacho hubadilika. Mwaka ule ule vile vibiriti vya zamani, vya ganda gumu la mbao, viliisha madukani. Vikaja vya karatasi. Ukivitazama ni vilevile, alama ileile, rangi ileile. Ila ni vifupi. Kwa kichwa cha njiti hivi. Kwa kuwasha jiko haikusumbui. Kwa reli ni balaa. Lakini hayo nimeyajua juzi. Wakati ule hatukuyajua, au mimi sikuyajua.

Sasa watu wenyewe. Admini wa kundi alikuwa fundi simu wa Chikongola, mwenye duka lenye kibaraza kirefu. Huyu ni mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu kwa mababu, ananiita mlozi, namwita mwizi wa kuku, tunaulizana kuhusu bibi zetu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Na kwenye kibaraza chake hicho alikaa Mama Uji, anauza uji na mihogo ya kuchemsha, naye alikuwa fundi wa mabehewa kutushinda wote. Makopo yake ya maziwa alikuwa anayakunja usione wapi ameunga.

Tukakutana nyuma ya duka la fundi simu, kwenye banda la bati. Jumapili. Kila mtu na ubao wake kwapani. Nilitembea mwenyewe, na fimbo, kichwa changu nimekifunga kwenye kitenge cha mke wangu. Tukapanga. Kipande cha Mama Uji mwanzo, chenye soko. Kikafuata changu, chenye stesheni kama baba alivyonisimulia, na jiko la kuni nyuma. Baada yangu vipande vya fundi simu, alikuwa ametengeneza vingi, kisha cha mzee wa Kilambo mwisho, chenye daraja juu ya karatasi ya bluu. Ilikubaliwa kichwa changu ndicho kivute, kwa sababu kilikuwa kizito.

Mama Uji akapiga vigelegele. Kikaondoka. Kikapita sokoni kwake, kikaingia stesheni kwangu, watu simu juu wanarekodi. Kikavuka kwenye kiungo kuingia kwa fundi simu, kikapanda juu ya reli, kikalala ubavu. Nikakirudisha. Kikalala tena. Mara ya tatu kikadondoka sakafuni na behewa la Mama Uji likabonyea.

Halafu fundi simu akatoa kibiriti mfukoni. Akakilaza kwenye reli yake. Kimetulia. Akakileta kwenye reli yangu, kikacheza. Akakisukuma kwa kidole, kikaenda huku, kikarudi huku, makusudi, ili wote waone.

"Mtani," akasema, "reli hii umeipima au umeiota?"

Wakacheka.

"Nimepima kwa kibiriti," nikasema.

"Kibiriti kimetulia. Mkono ndio uliokuwa unacheza ngoma." Akauinua mkono wake wa kulia, akautetemesha, akatembea nao hivyo kuzunguka banda. "Jamani tumsamehe, mwenzetu anajenga reli huku anapepeta mchele!"

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi pia nikacheka. Kwa mtani unacheka, ndiyo desturi. Mtani akikutukana ukanuna, wewe ndiye mwenye aibu.

Kisha akakiokota kichwa changu, akakiweka kwapani. "Hiki nakishika. Siku mkono ukinyooka uje ukikomboe." Hiyo nayo ni haki ya mtani, kuchukua kitu chako kwa mzaha mpaka ukikomboe. Nikajua atanirudishia kesho yake. Hakunirudishia. Nikaenda dukani. "Umeshanyooka?" akaniuliza mbele ya wateja. Nikaenda tena. "Nyoosha nione." Siku ya tatu nilimwambia wazi, mtani, mle ndani mna chuma cha baba yangu. Akasema, "Kwani baba yako na yeye alikuwa anatetemeka?" Nikatoka. Nilipita kwenye kibaraza, Mama Uji akainamia sufuria lake, akakoroga uji ambao ulikuwa hauhitaji kukorogwa.

Jioni nikaandika kwenye kundi kwamba utani una mwisho. Sijui kuandika vizuri, shule niliishia darasa la nne, lakini nilieleweka. Hakuna aliyejibu. Asubuhi nikakuta simu inaniambia nimeondolewa.

Baada ya hapo kundi lenyewe halikudumu. Wengine walitoka, wengine walibadili namba. Kipande changu nilikigeuza, nikawekea ndoo ya maji juu yake. Lakini si kundi lililonikosesha usingizi. Ni mkono. Nilikuwa nimeanza kuuamini. Nilikuwa nimeanza kufikiri, kama unaweza kunyoosha reli, utaweza kushika msumeno, nitarudi kufanya kazi kama mtu. Siku ile nikauacha. Mtu akinipa kikombe napokea kwa kushoto. Kazi ya kutengeneza vitanda niliyoitiwa na shemeji yangu niliikataa, nikamwambia sina mkono. Mke wangu akasema, "Mkono unao, nauona." Nikamwambia, kaulize Chikongola.

Miaka ikapita hivyo. Ndipo mzee wa Kilambo akafungua kundi lake la kumbukumbu. Na fundi simu, katika kukumbuka kwake, akaweka picha ya duka lake. Nyuma yake, kwenye kabati la kioo, katikati ya chaja na makava, kichwa changu. Kakipaka rangi nyekundu. Chini yake kaandika: "Kumbukumbu ya enzi zetu." Wakammiminia mioyo. Mioyo mitupu, mistari na mistari.

Niliitazama picha ile mpaka simu ikazima. Nikatembea mpaka barabarani, nikarudi. Mke wangu akaniuliza unatafuta nini, nikasema kibiriti. Hata sigara sivuti.

Wiki haikuisha, mama yake mkubwa fundi simu akafariki. Mwanamke mzima, ameshiba umri. Taarifa ikaja kwenye kundi, poleni zikamiminika. Mimi nikavaa kanzu.

Kwetu mtani ana kazi msibani. Anamwiga marehemu, anavaa nguo zake, anaficha viatu vya wafiwa, anashika kitu cha nyumbani mpaka akombolewe. Wafiwa wanacheka huku wanalia, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Mtani asipokuja, msiba unakuwa kama umesuswa. Kwa hiyo nilikaribishwa vizuri. Nilizika, nikaitikia dua, nikala. Matanga yakaendelea uani, nyumba iko nyuma ya duka, na mlango wa kati ulikuwa wazi.

Nikajifunga kanga ya marehemu kiunoni. Nikainama kama alivyokuwa anainama, nikapita kati ya wanawake nikilalamika uji una chumvi. Wakaanza kucheka. Binti zake wakacheka na machozi. Nikaingia dukani. Nikafungua kabati. Nikatoka nacho, nimekiinua juu.

"Treni ya marehemu imefika! Kasema haendi kwa miguu!"

Uani pote wakaangua kicheko. Fundi simu alikuwa amekaa kwenye mkeka na wazee. Akanyanyuka nusu.

"Mtani, hiyo acha."

"Niache nini?"

"Rudisha bwana, utaivunja."

"Nikomboe."

"Nitakukomboa kwa soda, haya, rudisha."

"Soda!" nikawageukia wanawake. "Mnasikia? Mama yenu anasafirishwa kwa soda!"

"Bahili huyo!" akapiga kelele binti mmoja. "Mchukulie, mtani! Mchukulie na kabati!"

Wazee wanacheka, na yeye akacheka. Alicheka kwa meno tu. Nilimjua, maana ni kicheko nilichocheka mimi siku ile bandani kwake. Nikatoka getini na kanga ya marehemu kiunoni na kichwa changu kwapani, nikapanda bajaji. Kanga niliirudisha kesho yake. Kichwa sikurudisha.

Nyumbani nikaondoa ndoo, nikafuta kipande changu, nikakiweka kichwa juu ya reli. Kikazama. Magurudumu yakaingia ndani ya reli, yakagota kwenye ubao. Nikadhani nimesahau kilivyo. Nikakigeuza. Vile vyuma viwili vinavyoshika magurudumu, nilivyokata mimi kwenye spoku za baiskeli, vilikuwa vimekatwa katikati na kuungwa upya, vifupi. Vimeungwa kwa lehemu safi, inang'aa, ndogo kama punje ya mtama. Lehemu ya fundi simu.

Nikaelewa taratibu, huku nimekaa chini. Amekifupisha ili kipite kwenye vipande vyake. Na mtu hafupishi kitu asichojua kwamba ni kirefu. Alijua reli yake ni nyembamba kuliko ya wenzake. Alijua kibiriti chake ni kipya, kile cha karatasi kilicho kifupi. Sijui alijua kabla hajatetemesha mkono wake au baada, lakini alijua, na amenitazama miaka yote nikipokea kikombe kwa kushoto.

Nikafungua tumbo. Msumari wa baba ulikuwemo, na waya wangu ule ule.

Nikapiga picha: kichwa kimezama kwenye reli, na lehemu ikionekana. Nikaituma kundini. Nikaandika, "Fundi simu, hiki nani alikikata?" Nikangoja. Wakaanza. "Duh." "Hahaha watani bwana." "Jamani tuko kwenye msiba." Mwingine akaweka wimbo wa dini. Mzee wa Kilambo akaandika, "Wanangu tupendane." Fundi simu akaweka stika ya mkono unaopunga. Mkono! Nikaitupa simu kitandani.

Mama Uji hakuandika. Alipiga.

"Kaka, umeamkaje?"

"Nimeamka."

"Nimeona picha." Nikasikia upawa unagonga sufuria. Halafu ukaacha. "Kile kibiriti cha zamani ninacho. Cha mbao. Naweka sindano."

"Tangu lini?"

"Tangu enzi hizo. Siku ile ya bandani nilikuwa nacho kwenye pindo la kanga."

Nikaishusha simu, nikaitazama, nikairudisha sikioni.

"Kaka, upo?"

"Ukaona anacheza na kile chake."

"Nikaona."

"Ukanyamaza."

"Kibaraza ni chake. Ningesema, kesho yake ningepika uji wapi? Nilikuwa na watoto."

"Mimi nimeutazama mkono huu kama mkono wa mtu mwingine."

"Najua."

"Hujui, dada. Usiseme unajua."

Nikasikia upawa tena. Kisha akasema, "Kipande changu bado ninacho. Nakiegesha banda la kuku."

"Kilete. Na kibiriti."

"Nikimaliza kuuza."

Nilikaa na koleo na spoku mpya mezani, bila kukata. Nikirudisha upana wa zamani kitatembea, lakini lehemu itaondoka, na ile ndiyo ushahidi pekee nilioushika kwa mkono. Picha mmeona zinavyojibiwa. Nikashika koleo, nikaliweka. Kila bajaji iliyopita nilikwenda dirishani. Mke wangu akasema nitalitoboa pazia.

Alikuja jua limeegemea, kipande kichwani, kimejaa kinyesi cha kuku. Hakukaa. Akafungua pindo la kanga, akatoa kibiriti, akamimina sindano kiganjani mwake, akanipa ganda tupu. Nikalipokea kwa mkono wa kulia. Lilitetemeka njia nzima kutoka kwake mpaka mezani. Nikalilaza kwenye reli yangu niliyoijenga kitandani, nikaondoa mkono.

Halikucheza. Nikalisukuma kwa kidole. Halikwenda huku wala kule.

"Haya," akasema Mama Uji, taratibu.

Ndipo nikakata vyuma vya fundi simu, mimi mwenyewe, kwa mkono huo, nikaweka vipya. Ilichukua muda, naye alisimama tu. Tukaunganisha vipande viwili. Kikaondoka stesheni kwangu, kikapita kiungo bila kugusa, kikaingia sokoni kwake kwenye uchafu wa kuku, kikafika mwisho wa ubao, na kwa kuwa hapakuwa na kipande kingine, kikadondoka kwenye mchanga, magurudumu yanazunguka.

Mama Uji akaanza kucheka. Nikamwangalia.

"Na kesho utapika uji wapi?" nikamuuliza.

Kicheko kikaisha. "Palepale," akasema. "Nitakwenda wapi, kaka?"

Akajitwika kipande chake, akaaga. Kundini jioni wameandika, "Tukutane tena kama zamani, mnaonaje?" Mioyo imejaa. Sijajibu. Shemeji nimempigia kuhusu vile vitanda, kasema kazi ilishapata mtu, atanitazamia.

Kibiriti Mama Uji kaniachia. Sindano zake kaondoka nazo.